Mtambo ulilemewa kweli? Kisa cha kiwanda cha uchapaji kilichojipima kabla ya kuandika mpango mkakati

Kisa hiki kinahusu kiwanda cha uchapaji chenye wafanyakazi 58 na mtambo mmoja mkubwa wa ofseti wa rangi nne. Jina, mahali na wateja vimeondolewa. Fedha zimegeuzwa kuwa vizio: mauzo ya mwaka wa kwanza yamehesabiwa kuwa 1,000, na kila kiasi kingine kimefuata uwiano huohuo. Asilimia, siku na saa zimeachwa kama zilivyopimwa.

## Usuli

Wenye kiwanda walikuwa wakiandaa mpango mkakati wa miaka 3, lakini shabaha walishaichagua kabla ya kukaa mezani: kununua mtambo wa pili. Hoja ilikuwa nyepesi kueleza. Mauzo yanapanda, kazi zinachelewa kutoka, mafundi wanashinda wakilalamika kwamba mtambo umelemewa. Basi unahitajika mwingine. Bei yake ilikuwa vizio 420, na muuzaji alitaka malipo ya awali ya 20%, yaani 84.

Benki ilikubali kukopesha sehemu iliyobaki kwa sharti la kuletewa mpango mkakati wenye tathmini ya hali ya sasa. Kwa hiyo tathmini iliingia kiwandani kama kiambatisho cha maombi ya mkopo. Nyingi huanza hivyo, na kwa kawaida huishia kuwa kurasa sita za maneno mazuri mbele ya mpango, zisizosomwa tena na mtu. Hii iliponea chupuchupu.

Timu ilikuwa ya watu wanne: mhasibu mkuu, msimamizi wa uzalishaji, ofisa mauzo mmoja na mwezeshaji kutoka nje. Walipewa wiki 7.

## Kikao cha kwanza na orodha ya hoja 46

Kazi ilianza pale inapoanzia kwa wengi: watu 11 chumbani, nusu siku, ukuta umegawanywa sehemu nne za SWOT, yaani nguvu, udhaifu, fursa na vitisho. Zilipatikana hoja 46. Upande wa nguvu: "ubora wa hali ya juu", "mafundi wazoefu", "jina zuri". Upande wa udhaifu: "mtambo mmoja tu", "mtaji hautoshi". Fursa: "soko ni kubwa". Vitisho: "ushindani usio wa haki".

Mwezeshaji aliuliza swali moja kwa kila hoja: mtu akipinga, tutamwonyesha karatasi gani? Hoja 7 tu kati ya 46 zilikuwa na karatasi.

Tena, itazame ile ya kwanza ya udhaifu. "Mtambo mmoja tu" haielezi hali yoyote. Ni suluhisho lililovikwa nguo za tatizo, na ukishaliandika ukutani kila hatua inayofuata itaelekea dukani kununua. Hali yenyewe ingesomeka hivi: "kazi kadhaa kati ya mia hazitoki siku iliyoahidiwa", na idadi hiyo siku ile hakuna aliyekuwa nayo.

Orodha ikawekwa kando na mpangilio ukapinduliwa. Hesabu za kiwanda zingetangulia, kisha sakafu ya uzalishaji, kisha wateja, kisha mazingira ya nje, na SWOT ingekuja mwisho kabisa kama muhtasari wa yaliyothibitishwa.

Siku ileile viliombwa vitu hivi: mizania (taarifa ya mali na madeni) na taarifa za mapato na matumizi za miaka 3, leja ya mauzo, orodha ya wadaiwa (wateja ambao hawajalipa) kwa umri wa deni, kadi za kazi, daftari la mtambo, hesabu ya ghala, mikataba yote inayoendelea, na orodha ya wafanyakazi yenye tarehe za kuzaliwa na za kuajiriwa. Hii ya mwisho ililetwa ikiwa na majina na vyeo tu. Hakuna aliyeirudisha. Tutaikuta tena mbele.

## Wiki ya 1 na 2: hesabu

| | Mwaka 1 | Mwaka 2 | Mwaka 3 |
|---|---|---|---|
| Mauzo | 1,000 | 1,090 | 1,180 |
| Gharama ya mauzo | 660 | 752 | 850 |
| Faida ghafi | 340 (34%) | 338 (31%) | 330 (28%) |
| Gharama za uendeshaji | 250 | 268 | 290 |
| Faida ya uendeshaji | 90 | 70 | 40 |
| Wadaiwa mwisho wa mwaka | 164 | 224 | 307 |
| Bidhaa na malighafi ghalani | 90 | 118 | 163 |
| Wadai (wauzaji wa malighafi) | 81 | 92 | 102 |

Wenye kiwanda walikuwa wakisoma mstari wa kwanza tu. Mauzo yalipanda 18% katika miaka miwili, na hilo lilikuwa kweli. Lakini faida ghafi haikuongezeka hata kizio kimoja. Ilipungua kwa 10.

Hesabu iliyoshtua zaidi ilikuwa ya siku ambazo fedha hukaa nje. Hupatikana kwa kugawa wadaiwa kwa mauzo, kisha kuzidisha kwa 365. Ghala na wadai hugawanywa kwa gharama ya mauzo. Wateja walikuwa wakilipa baada ya siku 60, kisha 75, kisha 95. Mali ilikaa ghalani siku 50, kisha 57, kisha 70. Wauzaji walilipwa baada ya siku 45, 45 na 44. Jumlisha mbili za kwanza, toa ya tatu: mzunguko wa fedha ulirefuka kutoka siku 65 hadi 121.

Kwa vizio, wadaiwa waliongezeka kwa 143 na ghala kwa 73, huku wadai wakiongezeka kwa 21 tu. Tofauti ni 195 zilizozama katika mtaji wa kuendeshea. Faida ya uendeshaji ya miaka hiyo miwili ikijumlishwa ni 110. Kiwanda kilikuwa kinakua kwa fedha ambazo hakijazipata, na aliyejaza pengo ni ovadrafti, yaani ruhusa ya benki ya kutoa zaidi ya kilichomo kwenye akaunti: kikomo 120, iliyokwisha kutumika 112.

Hapa timu ilikosea, na kosa lenyewe ni la kawaida sana. Siku 44 za kuwalipa wauzaji zilionekana si mbaya. Ila gharama ya mauzo hubeba pia mishahara ya kiwandani, umeme na uchakavu, na hivyo havidaiwi na muuzaji wa karatasi. Ununuzi wa malighafi ulikuwa 60% ya gharama hiyo, yaani 510. Ukigawa 102 kwa 510 na kuzidisha kwa 365 unapata siku 73. Masharti ya wauzaji yalikuwa siku 30. Ucheleweshaji wa siku 43 hivi ulikuwepo katika miaka yote mitatu, umezoeleka mpaka hauhesabiwi tena kuwa ucheleweshaji. Na kwa sababu hiyohiyo muuzaji mmoja alishafuta punguzo lake la 3% bila kupiga kelele. Ofisi ya manunuzi ilidhani punguzo limefutwa kwa wateja wote.

Kisha mauzo yakapangwa upya. Leja iliyaweka kwa jina la mteja, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuyaona kwa aina ya kazi. Mhasibu na msaidizi wake walipitia ankara za mwaka 1 na mwaka 3 moja baada ya nyingine, kazi ya siku nne, wakazigawa makundi manne:

- Vitabu na majarida: kutoka 430 hadi 401
- Vifungashio na lebo: kutoka 140 hadi 260
- Kazi ndogondogo za ofisi (barua, kadi, vipeperushi): kutoka 240 hadi 307
- Zabuni za taasisi: kutoka 190 hadi 212

Theluthi mbili ya ukuaji wote ilitoka kwenye vifungashio, kundi ambalo halikutajwa hata mara moja katika zile hoja 46.

## Wiki ya 3 hadi 5: kando ya mtambo

Daftari la mtambo lilikuwa na safu mbili tu, kazi na idadi ya karatasi. Halikufaa. Iliandaliwa fomu ya ukurasa mmoja kwa kila zamu, yenye sababu nne za kutia alama na nafasi ya kuandika saa ya kuanza na ya kumaliza: kuchapa, kuseti (kuandaa mtambo kwa kazi mpya), kusubiri, kuharibika. Siku mbili za kwanza mafundi walijaza fomu jioni, kwa kukumbuka, na karibu kila kitu kikawa "kuchapa". Msimamizi alipotundika saa na kalamu kwenye kishikio cha mtambo na kutaka ijazwe pale pale kazi inapobadilika, picha ikageuka. Siku hizo mbili zilifutwa na kipimo kikaanza upya kwa wiki 3 kamili.

Saa zilizokuwepo ni 288: zamu mbili za saa 8, siku 6, wiki 3. Zilitumika hivi:

- kuchapa: saa 118 (41%)
- kuseti: saa 95 (33%)
- kusubiri pleti (mabamba ya kuchapia), karatasi au mteja aidhinishe rangi: saa 49 (17%)
- kuharibika: saa 26 (9%)

Mtambo ulikuwa umeshikwa muda wote, na mafundi hawakusema uongo. Ila uliochoka kwa kusetiwa na kusubirishwa si uliochoka kwa kuchapa.

Katika wiki hizo zilipita kazi 114. Kuseti kazi moja kulichukua wastani wa dakika 50: kubadilisha pleti, kuosha wino, kulinganisha rangi, kupitisha karatasi za majaribio hadi rangi nne zikae juu ya moja. Karatasi za majaribio zilikuwa takriban 250 kwa kila kazi. Sasa chukua kazi ya karatasi 500, na ziko nyingi. Mtambo huchapa karatasi 8,000 kwa saa, hivyo uchapaji wenyewe ni dakika 4. Karatasi zinazotumika kweli ni 750, na theluthi moja huenda kwenye pipa.

Mkadiriaji wa bei alikuwa anaihesabu vipi kazi hiyohiyo? Karatasi 500 na nyongeza ya upotevu ya 5%, jumla 525. Muda: dakika 4 za kuchapa na dakika 15 za kuseti, jumla 19. Mtambo ulikuwa unatumia 54. Fomula hiyo ilirithiwa tangu enzi ambapo kazi ndogo ilikuwa ya karatasi 5,000, ambapo 5% ni karatasi 250 kamili. Kwa kazi kubwa fomula ilikuwa sahihi kabisa, ndiyo maana hakuna aliyeishuku.

Gharama ya saa moja ya mtambo nayo ilikuwa na kasoro. Gharama za mwaka ziligawanywa kwa saa 4,800, ambazo ni saa zote za zamu. Saa zinazoweza kutozwa mteja ni za kuchapa na kuseti tu, 74%. Gharama halisi ya saa inayotozwa ilikuwa juu kwa 35% kuliko iliyowekwa kwenye bei.

Faida ghafi ya mwaka wa 3 ikagawanywa upya kwa vipimo hivi. Vifungashio vilipata 41% ya mauzo yake, vitabu na majarida 30%, zabuni 21%, kazi ndogondogo 19%. Ukichukulia kwamba vifungashio vilikuwa na kiwango hichohicho mwaka wa 1, makundi mengine matatu kwa pamoja yalishuka kutoka takriban 33% hadi 24%. Kundi bora lilikuwa linawafunika wenzake wanaozama. Vitabu vilishuka kwa sababu bei zilifungwa kwa mikataba ya mwaka mzima huku bei ya karatasi ikipanda katikati. Kazi ndogondogo kwa sababu kila mwaka oda zilizidi kuwa ndogo na fomula ikabaki palepale.

## Wiki ya 5 na 6: wateja

Mpango ulikuwa kuhoji wateja 16 wanaoendelea. Majibu yalikuwa ya adabu na hayakufundisha kitu kikubwa, kwani aliyebaki kwako ameshakusamehe mengi. Ndipo wakaongezwa 8 waliokuwa na oda mwaka wa 1 na hawana mwaka wa 3. Uongozi uliamini waliondoka kwa sababu ya bei. Watano walitaja kuchelewa, wawili walikuwa wamepunguza uchapaji wenyewe na kuhamia kwenye nyaraka za kielektroniki, na mmoja ndiye aliyetaja bei.

Swali lililofanya kazi halikuwa "mbona mliondoka?" bali "oda yenu ya mwisho kwetu ilikwendaje, tangu mlipopiga simu hadi mlipopokea?" La kwanza hujibiwa kwa heshima, la pili kwa tarehe.

Kadi za kazi 140 zikatolewa kwenye mafaili, kila ya tano kwa mpangilio, na tarehe iliyoahidiwa ikalinganishwa na tarehe ya hati ya kupokelea mzigo. Zilizofika kwa wakati ni 81, yaani 58%. Ofisa mauzo, aliyekuwa kwenye timu, ndiye aliyeeleza chanzo: tarehe ilikuwa ikiahidiwa kwa simu bila kuangalia foleni ya mtambo, kwa kuwa foleni ilikaa kwenye ubao wa kiwandani na mauzo wako ghorofani.

Orodha ya wadaiwa kwa umri ilimaliza picha. Kati ya 307, madeni yaliyopita siku 90 yalikuwa 92. Katika hayo, 71 yalikuwa ya taasisi za zabuni, zilizolipa kwa wastani wa siku 170. Kwa kundi lenye faida ghafi ya 21%, riba ya ovadrafti kwa siku hizo ilikula kipande kingine ambacho hakimo kwenye jedwali lolote la uzalishaji.

## Mazingira ya nje

Sehemu hii ilichukua siku tatu na haikuhitaji zaidi. Mambo ya kisiasa, kiuchumi, kijamii, kiteknolojia, kimazingira na kisheria yalikusanywa yakafika 31. Kisha ikawekwa kanuni: jambo lisilogusa mstari unaotajika kwenye taarifa ya mapato au mizania linatoka. Yakabaki 5, yakiongozwa na bei ya karatasi na kushuka kwa ukubwa wa oda.

Nguvu tano za ushindani (wapinzani waliopo, wapya wanaoingia, bidhaa mbadala, wanunuzi na wauzaji), zilizoelezwa na Michael Porter mwaka 1979, zilisaidia sehemu moja mahususi. Wauzaji wa karatasi wa aina inayotumika kwenye vifungashio walikuwa wawili tu, nao ndio waliokuwa wakicheleweshewa malipo. Kundi lenye faida kubwa lilitegemea watu ambao kiwanda kilikuwa kinawaudhi.

## Maamuzi na sababu zake

SWOT iliandikwa wiki ya 7 ikiwa na hoja 9. Kila moja ilibeba namba, chanzo cha namba na tarehe ya kupimwa. Kisha zikakutanishwa mbili mbili, nguvu na fursa, udhaifu na kitisho, kwa jedwali la TOWS alilopendekeza Heinz Weihrich mwaka 1982. Bila hatua hiyo, SWOT hubaki orodha nne zisizosalimiana.

Mtambo wa pili uliahirishwa kwa miezi 12. Hoja ya muuzaji ilipimwa kwa haki: mtambo mpya ungeseti kwa dakika 20, na kwa kazi 114 hilo lingeokoa saa 57 katika wiki 3. Lakini mashine ya dijitali ya kukodi, isiyotumia pleti, ilikuwa nafuu kwa kazi zote zilizo chini ya karatasi 700. Kazi hizo zilikuwa 48. Kuzihamisha kuliachia saa 40. Kupunguza kusubiri kwa nusu kuliongeza saa 24. Jumla 64, bila mkopo.

Kilichofunga mjadala hata hivyo kilikuwa makadirio ya fedha ya wiki 13, wiki kwa wiki. Nafasi iliyobaki kwenye ovadrafti ilikuwa vizio 8, na malipo ya awali ya mtambo ni 84. Wenye kiwanda walitegemea deni la 33 la taasisi moja, lililokwisha ahidiwa mara nne, na kusogeza mbele zaidi malipo ya wauzaji wa karatasi. Kwa njia hiyo mishahara ingekosa fedha wiki ya 6.

Bei zilihesabiwa upya. Upotevu ukawa karatasi 250 kwa kila kazi ya ofseti pamoja na 2% ya idadi inayochapwa, dakika 50 za kuseti zikaingizwa zote, na gharama ya saa ikarekebishwa. Kazi ndogo ikapewa kiwango cha chini cha malipo.

Zabuni ziliwekewa mpaka. Taasisi yenye deni lililopita siku 90 haipokelewi oda mpya. Mikataba ya vitabu ikaongezewa kipengele cha kupitia bei ya karatasi kila robo mwaka.

Ubao wa foleni ulipandishwa ghorofani. Uamuzi wa bei rahisi kuliko yote: nakala ya foleni ya mtambo ikawekwa kwenye kompyuta ya mauzo, na ahadi ya tarehe ikakatazwa kabla ya kuiangalia.

## Matokeo baada ya miezi 12

Mauzo yalishuka hadi 1,135. Faida ghafi ilipanda hadi 370, karibu 33%. Gharama za uendeshaji zilifika 296, na faida ya uendeshaji ikawa 74. Wadaiwa walishuka hadi 205, siku 66. Ovadrafti iliyotumika ilitoka 112 hadi 61. Kazi zilizofika kwa wakati zilipanda kutoka 58% hadi 81%. Deni walilodai wauzaji lilipopunguzwa hadi 84, yule wa 3% alirudisha punguzo lake baada ya kuombwa mara moja tu.

Kwa makundi: vifungashio 318, kazi ndogondogo 262, vitabu na majarida 372, zabuni 183.

Ghala karibu halikusogea. Lilishuka hadi 150 tu, na kwa kuwa gharama ya mauzo ilishuka hadi 765, siku zake zilipanda kidogo, kutoka 70 hadi 72.

## Uchambuzi

### Kilichofanya kazi

Kupindua mpangilio ndiko kulikoamua kila kitu. Kama SWOT ya siku ya kwanza ingepelekwa benki, ingepita bila shida, maana ilikuwa imeandikwa vizuri.

Kipimo cha wiki 3 kando ya mtambo kilikuwa na faida isiyotarajiwa: mafundi waliokijaza wenyewe hawakukipinga. Kama takwimu hizohizo zingetolewa na mshauri aliyesimama pembeni na saa mkononi, mabishano yangekuwa juu ya saa yake. Wiki 3 pia zilitosha kuvuka mwisho wa mwezi, wakati oda za ofisi hufurika. Kipimo cha wiki moja kingetoa picha ya wiki hiyo tu.

Kuwahoji walioondoka kulikuwa na thamani kuliko mahojiano mengine yote 16, na karibu kusahaulike.

### Kilichoshindwa

Makundi ya wateja yalichambuliwa kana kwamba hayajuani. Taasisi moja iliyokatiwa huduma kwa deni la zabuni ndiyo iliyokuwa ikichapisha majarida yake hapo kwa bei nzuri na kuyalipia kwa wakati, kupitia idara nyingine. Ilihamisha vyote, na hapo ndipo vitabu na majarida vilipopoteza vizio 29 karibu vyote. Leja ya zamani, ile iliyopanga kwa jina la mteja, ingeonyesha jambo hili kwa dakika moja. Kosa lilikuwa kuiacha baada ya kupata mpangilio mpya. Jedwali lililohitajika ni la wateja kwa mistari na aina za kazi kwa safu wima, yote mawili kwenye karatasi moja.

Ghala lilipimwa kwa jumla yake badala ya vilivyomo. Vizio 163 vilisomwa kama karatasi inayosubiri kazi. Hesabu ya rafu kwa rafu, iliyofanyika miezi 8 baadaye, ilikuta kwamba sehemu kubwa ya mzigo usiosogea ni karatasi za vipimo visivyo vya kawaida zilizobaki kwenye kazi za zamani, pamoja na maboksi yaliyokwisha kuchapwa kwa mteja aliyebadilisha muundo wa bidhaa yake. Hivyo haviuziki kwa bei ya vitabuni. Vilipaswa kufutwa kwenye hesabu tangu mwaka wa 2, na faida ya mwaka huo ilikuwa ndogo kuliko ilivyoandikwa. Katika tathmini yoyote, ghala huombewa tarehe ya mwisho ya kila kitu kuguswa; kiasi peke yake hakisemi.

Halafu "mafundi wazoefu". Hoja hii ilikuwa miongoni mwa 9 zilizobaki, ikitetewa kwa wastani wa miaka ya kazi. Wastani ulikuwa mzuri kwa sababu mtu mmoja aliupandisha: fundi mkuu wa matengenezo, aliyestaafu mwezi wa 5 wa utekelezaji. Orodha yenye tarehe za kuzaliwa ingemwonyesha, ila ndiyo ile iliyoletwa nusu na kupokelewa. Kwa wiki 11 saa za kuharibika zilipanda, na sehemu ya nafuu iliyopatikana kwenye kusubiri ikaliwa huko. Nguvu ya watu hupimwa kwa swali la nani anajua nini, na nani mwingine anakijua. Kwenye jibu la "hakuna mwingine", hoja huhama upande: kutoka nguvu kwenda udhaifu.

Mwisho, kiwango cha chini cha malipo kilitangazwa kwa siku moja kwa wateja wote wa kazi ndogo. Baadhi ya walioondoka walikuwa wale wa oda za karatasi 2,000 hadi 3,000, ambao hakikuwahusu kabisa. Barua haikueleza mpaka ulipo, nao hawakupiga simu kuuliza.

Suala la mtambo wa pili lilirudi mezani mwezi wa 13, likiwa na fomu mpya za wiki 3: kuchapa sasa ni 52% ya saa zote, na foleni ya vifungashio ni ya siku 9. Safari hii muuzaji aliulizwa kwanza kama mtambo wake unapokea karatasi nene za maboksi. Ule wa mwaka uliopita, uliokuwa karibu kununuliwa, haukuwa unapokea.